Sura za Majirani Kwenye Mabango ya Baba

Machi 3

Leo nimelivuta sanduku la baba kutoka chini ya kitanda, na mgongo wangu umenikumbusha kwamba mimi ni mkutubi, si mpagazi. Ndani mna mabango ya vita. Baba aliyachora mwenyewe miaka ile alipokuwa mchoraji wa kiwanda cha uchapaji cha serikali, akaweka nakala moja ya kila bango, akafunga sanduku, na hakulizungumzia tena mpaka alipofariki mwaka jana. Kaka ndiye aliyekwenda kuongea na watu wa makumbusho. Wamekubali kuyaonyesha yote mvua zikiisha, mradi yawe yamesafishwa, yameorodheshwa na hayanuki. Hilo la kunuka walilitaja mara mbili.

Nimechukua likizo yangu yote ya mwaka nikarudi nyumbani kwa mama kwa ajili ya kazi hii. Nilidhani atafurahi. Alisimama mlangoni akanitazama nikifunika meza ya kulia kwa magazeti, na nilipomwambia kwamba hii ni historia, mama, akanijibu kuwa historia ikatafute meza yake. Kisha akaenda kulala mchana kweupe, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. Amezeeka, na uzee umemletea kisirani.

Machi 4

Mende wawili, mchwa hakuna. Aliyegundua kafuri apewe pepo.

Machi 8

Kazi yenyewe haina haraka. Napangusa kwa brashi laini, kutoka katikati kwenda ukingoni. Nasugua madoa kwa kifutio kilichosagwa. Nyuma naandika namba kwa penseli, kisha najaza kadi: maneno, rangi, vipimo, majeraha. Ndiyo, sisi wa kazi hii husema majeraha, na mabango ya baba yanayo ya kutosha. Mengine aliyaimarisha kwa kuyabandika karatasi ya pili mgongoni kwa gundi ya unga wa ngano, ambayo ni karamu kwa wadudu.

Nimegundua jambo lililonichekesha peke yangu kama mwehu. Baba hakuweza kubuni sura. Alichora aliyekaa mbele yake, basi, ikawa kila aliyeishi mtaa huu alienda vitani kwa karatasi. Adui mwenye meno ya mbwa, namba 7, ni kinyozi wa kona. Askari aliyefungwa bandeji kichwani, mwenye macho ya kishujaa, ni muuza mikate, mtu ambaye alikuwa akizimia akiona damu ya pua.

Jioni akaja Mama Njiti. Huyu ni fundi cherehani wa nyumba ya pili, rafiki wa mama tangu kabla sijazaliwa, nami humwita mama mdogo ingawa hatuna hata tone moja la damu ya pamoja. Nikamwonyesha namba 12, lile la mwanamke mmbeya lenye maneno MDOMO HUPONZA KICHWA. Ni yeye mwenyewe, shingo mbele, sikio dirishani. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Akasema baba alimkalisha kitini nusu siku akamkataza kusema neno, kumbe anamchora mmbeya.

Alipomaliza kufuta machozi ya kicheko akaniuliza kama Njiti naye yumo. Njiti alikuwa mwanawe wa pekee, mwembamba kama jina lake, masikio yamesimama. Alikwenda vitani ana miaka kumi na sita na hakurudi, wala hakuna aliyeleta habari ya kaburi. Mama Njiti hana hata picha yake moja. Anasema baba alikuwa akimtuma wino kila siku, huenda alimchora hata pembeni, hata mgongo tu. Kabla sijafungua kinywa, mama akajibu kutoka jikoni.

"Hayumo."

Nilimweleza mama mdogo kwamba sijafika hata nusu, awe na subira. Mama alitoka jikoni akaanza kufuta meza ambayo nilikuwa nimeshaifuta.

Machi 14

Amekuja mtu wa makumbusho. Nimempa jina la Bwana Miwani, kwa sababu miwani yake ina kamba na bado huitafuta. Anajua kazi yake, hilo simnyimi. Aliuliza kama tunalo bango la mama. Nikamwambia wapo akina mama watatu mpaka sasa, mmoja anachimba viazi. Akasema hapana, hili wazee wa mikoa ya mbali wanalikumbuka hadi leo: mwanamke ameweka mkono begani mwa mwanawe aliyevaa sare, na maneno NIMEMTOA WANGU. WAKO YUKO WAPI? Anasema wapo vijana waliojiandikisha kwa sababu mama zao waliona haya kupita mbele yake. Vita vilipokwisha watu waliyachana yote kwa hasira, hata moja halijulikani lilipo. Mjini kwetu halikubandikwa kamwe, na hakuna ajuaye kwa nini.

Mama alikuwa akimimina chai. Akasema marehemu mumewe hakuchora bango kama hilo. Chai ilijaa kikombe ikamwagika sahanini, naye akaendelea kumimina.

Machi 15

Mvua ya kwanza. Mama hajanisemesha tangu jana ila kuniuliza kama nimefunga dirisha.

Machi 22

Mama Njiti amejitolea kushona mifuko ya kitambaa ya kuhifadhia mabango, bure, kwa roho yake. Cherehani yake ameileta barazani kwetu ili apime bango moja moja. Kila nimalizapo moja huinua macho, nami hutikisa kichwa, naye hurudi kwenye mshono. Sasa ni mchezo wetu, ila si mchezo.

Kaka naye alipita. Ni mkubwa kwangu kwa miaka kumi na moja, ana duka la vifaa vya ujenzi, na mtaa mzima humwita Kamanda tangu aliporudi vitani. Hapendi kusimulia ya huko, nasi tumemheshimu kwa hilo. Siku ya ufunguzi wa maonyesho ndiye atakayehutubia. Alituamkua, akasimama katikati ya sebule akajaribu hotuba yake, na alipofika kwenye "sisi tuliokuwa mstari wa mbele" mama akainuka akaenda kuanua nguo. Mvua ilikuwa imeshazilowesha zamani.

Aprili 2

Mvua siku nzima. Unyevu umeingia hata kwenye chumvi.

Namba 31, ZIMA TAA, ADUI ANAONA, ni nene kuliko mengine, kama kadibodi. Nilidhani baba aliliimarisha mgongoni kama alivyozoea. Asubuhi nimekuta kona moja imeachia yenyewe, gundi ya unga imelainika kwa unyevu, na chini ya kona hiyo kuna rangi. Si karatasi tupu iliyobandikwa hapo. Ni bango jingine, limefunikwa uso.

Sikumwambia mtu. Nimeweka kitambaa chenye maji kidogo, nimesubiri, nimeingiza kisu butu. Ukiharakisha, unachana. Nimepata upana wa kiganja.

Aprili 3

Vidole. Vidole vinne vya mwanamke juu ya bega la sare. Nikakiweka kisu chini, nikaacha hapo.

Aprili 4

WAKO YUKO WAPI?

Aprili 5

Nimefika kwenye uso wa mwanamke, na uso ni wa mama. Ni mama wa miaka ile, nywele amezifunga nyuma, ananitazama usoni bila kupepesa. Sikumbuki kama amewahi kunitazama hivyo.

Nilinyanyua simu nimpigie Bwana Miwani, nikaiweka. Nikanyanyua tena. Nilikuwa na furaha, na nakiri ilikuwa furaha ya kipuuzi ya mkutubi aliyepata kitabu kilichopotea. Nikajisemea: kumbe ndiyo maana mama huyachukia, alimtoa kaka kwa mkono wake, na baba akaufanya mkono huo tangazo. Nikamwonea huruma, nikajilaumu kwa kumwita mwenye kisirani. Kesho nitamaliza upande wa kijana, nimwone Kamanda akiwa bado hana tumbo.

Aprili 6

Si Kamanda.

Yalitangulia masikio. Nilikuwa mtoto wa miaka sita, lakini masikio yale niliyashika kama usukani kila aliponibeba mabegani kwenda kununua uzi wa mama yake. Kisha nyusi. Kisha ule mdomo wa mtu anayezuia kicheko. Baba hakuweza kubuni sura, na hii hakuibuni. Ni Njiti, amevaa sare inayompwaya shingoni, na mkono wa mama yangu uko begani mwake.

Sikusikia mama akiingia. Alikuwa amesimama nyuma yangu na taulo la vyombo mkononi. Nilitegemea atakana tena. Akavuta kiti, akakaa, na kwa mara ya kwanza tangu Machi akaiwekea viwiko meza yake.

Alisema baba aliamriwa achore mama na mwanawe. Aliambiwa kabisa kwamba mchoraji asiyechora atapewa bunduki. Wakati huo kaka hakuwa vitani. Hakuwa vitani hata siku moja. Walikuwa wameshamvusha mpaka wa nchi usiku, akaishi kwa mjomba, akilisha kuku, na vita vilipokwisha akarudi pamoja na waliorudi, akakonda kwa makusudi wiki mbili kabla ya safari. Mtaa ukamwita Kamanda na hakuna aliyekataa. Kwa hiyo baba alikuwa na mama wa kuchora lakini hakuwa na mwana. Na Njiti akaingia na chupa ya wino.

"Tulimvalisha hapo hapo ulipokaa," mama alisema. "Mama yake alikuwa sokoni. Alisimama vizuri, hakutikisika, baba yako akamsifu. Tulipomaliza akajiona kwenye kioo cha kabati. Nikamwona anavyojiona, mwanangu. Ningemwambia vua, mchezo umekwisha. Sikumwambia. Nilikuwa nawaza kwamba bango limekamilika na baba yako hataondoka."

Wiki ile ile Njiti akaenda kujiandikisha, akajiongezea miaka miwili. Mama Njiti alipita nyumba hadi nyumba akiuliza nani amemtia mwanawe maneno ya vita, mtoto ambaye alikuwa haui hata nyoka. Alifika na hapa. Mama akamshika mkono wakalia pamoja, na ndipo urafiki wao ulipokuwa udugu. Baba aliwabembeleza wakubwa wake bango lisibandikwe mjini kwetu, wakamkubalia kwa kuwa mjini vijana walikuwa wameshakwisha.

Nikamuuliza kwa nini hawakulichoma.

"Nilimwambia alichome. Akasema hawezi kumchoma mtoto."

Akainuka, akamalizia vyombo. Nami nimekaa mbele ya watu hawa wawili wa kwenye karatasi na sijui kadi yake niandike nini.

Aprili 7

Mvua. Sijafanya kitu.

Aprili 11

Nimelitenganisha lote, limekauka kati ya karatasi za kunyonya maji, juu yake nimeweka kamusi zote za baba. Ni namba 40 na ni la mwisho. Nimelitia kwenye droo ya kabati, na barazani, hatua chache tu kutoka kwenye droo hiyo, Mama Njiti anashona mfuko wake wa thelathini na kitu, huku akiimba kwa pua.

Ameniuliza yamebaki mangapi. Nikasema machache. Akakata uzi kwa meno, akasema taratibu, bila kuondoa macho kwenye sindano:

"Ukimwona usinifiche, mwanangu. Hata kama amechorwa adui."

Nikamwambia sawa, mama mdogo. Nikaingia ndani nikafungulia bomba la maji bila sababu.

Baadaye nikamweleza mama neno langu, na nililisema kwa heshima lakini nililisema. Sitampelekea mama mdogo habari hii, kwa kuwa si yangu. Ila akiniuliza tena waziwazi kama Njiti yumo, sitasema hayumo. Na Bwana Miwani akija kuchukua mabango, namba 40 haitakuwa imejificha. Mama akasema basi nimempa muda mpaka siku ile. Nikamwambia ndiyo. Sijawahi kuongea hivyo na mama yangu.

Aprili 13

Mama mwenyewe amemwita kaka. Nilitarajia kaka atashtuka, ataona haya, atakaa chini. Alilitazama bango kwa muda mfupi sana, akauliza nani mwingine ameliona. Nikajibu, sisi watatu. Akashusha pumzi, akasema basi jambo dogo. Mimi niandike kwenye orodha kwamba mabango ni thelathini na tisa, na hili yeye atalimaliza leo nyuma ya duka.

Nikamwambia orodha yangu haisemi uongo. Akanicheka. Akasema mimi na vikadi vyangu, najua nini mimi, nilikuwa mtoto wa kunyonya vidole. Je, nimewaza mama atatazamwaje na mtaa huu? Je, nimewaza Mama Njiti mwenyewe, mwanamke mzee, moyo wake? Alikuwa na hoja, tena nzuri, na kila moja aliisema kwa niaba ya mtu mwingine. Nikamuuliza kama amemwaza Kamanda.

 Mvua ilikuwa ikipiga mabati na ndoo ya kwenye ukumbi ilikuwa ikijaa. Kaka amekuwa baba yangu wa pili, alinilipia chuo, sikatai. Lakini leo nilimwona anavyotazama mlango kabla ya kusema neno, na nikafahamu kwamba ameishi hivyo siku zote, akiogopa mtu aliyepigana kweli asije akamuuliza swali. Nilitaka kumchukia, nikamwonea huruma, kisha akalikunja lile bango na hasira ikarudi yote.

Alilikunja vibaya, kwa kulibana, ukingo ukapasuka upana wa kidole. Nikasimama mlangoni. Akaniambia pisha. Nikamwambia, kaka, itabidi unisukume. Na nadhani angenisukuma.

"Weka mezani," mama alisema. Hakupaza sauti. "Wewe ulirudi."

Alisimama pale, mwanamume wa zaidi ya miaka hamsini, mvi ndevuni, ameshika karatasi. Kisha akaiweka. Alipotoka alisahau mwavuli, na hakuna aliyemkimbilia nao.

Aprili 14

Nimeziba mpasuko kwa karatasi nyembamba na gundi. Kaka ametuma ujumbe kwamba hatahutubia, koo linamsumbua.

Aprili 20

Ukungu kwenye namba 3 na namba 18. Nimewasha majiko mawili ya mkaa barazani kukausha hewa, kwa sababu ndani ningetuua. Mama amekwenda kwa Mama Njiti akiwa amevaa nguo zake nzuri. Amerudi. Hajasema.

Aprili 21

Amekwenda. Amerudi. Wamechambua maharage.

Aprili 25

Amekwenda na kurudi. Nikamtazama, akasema kulikuwa na wateja.

Aprili 28

Bwana Miwani amepiga simu. Gari litakuja Mei 13. Ameuliza tena, kwa sauti ya mtu anayejua anasumbua, kama lile bango la mama halijajitokeza. Nikamwambia atakayoyakuta ndiyo yaliyopo. Akashukuru, na nadhani ameelewa zaidi ya nilivyotaka.

Mei 2

Dari limevuja juu ya kabati. Niliamshwa alfajiri na mama, si kwa sauti bali kwa vishindo. Alikuwa ameshaburuza kabati peke yake mpaka katikati ya chumba, mwanamke huyu wa karibu miaka themanini, na amelikumbatia namba 40 kifuani ndani ya shali yake ili maji yasilifikie. Mengine thelathini na tisa aliyaacha palepale. Nikayaokoa mimi.

Sikumkemea. Tulikaa kitandani kwake mpaka kukapambazuka, bango kati yetu. Akaniambia baba alikosea mkono, kwamba wake haukuwa mzuri kiasi hicho. Kisha akasema anachoogopa si kufukuzwa. Anaogopa mwenzake atamwambia hakuna neno, ya Mungu mengi, atamtilia chai, na hatamwamini tena mpaka afe.

Mei 6

Amekwenda. Amerudi. Hajasema.

Mei 9

Mama Njiti ameshona mfuko wa mwisho, na kwa bahati mbaya anajua kuhesabu. Amenipa mifuko arobaini kama nilivyomwagiza, kisha akauliza mbona barazani amepimishwa mabango thelathini na tisa. Nikamwambia moja bado linafanyiwa kazi.  Hakuuliza lile swali. Alifunika cherehani, akaomba nimsaidie kuirudisha kwake, na njia nzima aliongea habari ya bei ya vifungo.

Mei 12

Gari linakuja kesho. Asubuhi mama alioga, akavaa nguo za kila siku, akaniambia, "Nibebee." Nikalitia namba 40 kwenye mfuko wake tukatoka. Ilikuwa ikinyesha kwa utulivu, ile mvua isiyo na haraka.

Mama Njiti alikuwa akikata suruali ya mtu. Alipoona mfuko alioushona mwenyewe, aliondoa suruali, akafuta chaki mezani kwa kiganja, akatupisha. Mama akalitandaza yeye. Kisha akasema yote akiwa amesimama, kama alivyonisimulia mimi, ila safari hii hakusema "baba yako aliambiwa". Alianza na kioo. Alisema, mdogo wangu, mwanao alijiona kwenye kioo changu nami nikanyamaza ili mume wangu abaki, na mwanangu wakati huo alikuwa kwa kaka yangu akilisha kuku. Uliponiuliza nani amemtia maneno, ni mimi. Nilikushika mkono nikijua.

Sikujua nitazame wapi. Mama Njiti alikuwa ameshavaa miwani. Nadhani hakumtazama mama hata mara moja. Aliinama karibu kabisa na karatasi, akapitisha kidole juu ya sikio moja, halafu la pili, halafu kwenye ile shingo iliyopwaya ndani ya kola, na akaivuta kola kidogo kwa ukucha kama fundi anayetaka kuona ni inchi ngapi za kupunguza.

"Siku hiyo alikuwa amekula?" aliuliza.

"Alikula kwangu," mama akasema.

Akatikisa kichwa taratibu kuonyesha amesikia. Nje mtu aligonga kuulizia suruali yake, akaambiwa arudi kesho. Kisha Mama Njiti akachukua mkasi wake mkubwa.

Mimi ni mkutubi. Karatasi ile ilikuwa ya pekee nchi nzima, na kinywa kilinifunguka chenyewe. Mama akanitazama, nikakifunga.

Alikata kuanzia juu, kati ya vichwa viwili, bila kupima, akaenda sawasawa kama afanyavyo kwenye kitambaa cha mteja. Alipofika kwenye mkono, mkasi ukasimama. Vidole vinne vya mama viko juu ya bega la Njiti, baba alivichora na kivuli chake. Nilimwona akitafuta njia. Alijaribu kuzunguka kidole cha kwanza kwa ncha, akaona ataacha tundu begani mwa mwanawe, akarudi nyuma. Akakata kwenye kifundo cha mkono, akashuka hadi chini. Mwisho akakata ule ukanda wenye maneno ya bango uliobaki kwenye upande wa Njiti, akausukuma kwa mama pamoja na ile nusu nyingine.

Hapo ndipo alipomtazama.

"Vidole vyako siwezi kuvitoa bila kumtoboa," alisema. "Nitakaa navyo. Wewe nenda nyumbani, dada. Nikiweza nitakuita."

Mama akaichukua ile nusu yake. Mama Njiti alikuwa ameshampa mgongo, anatafuta pini za kumbandikia mwanawe ukutani.

Mei 13

Gari limekuja. Nimekabidhi mabango thelathini na tisa, na la arobaini nusu: mwanamke asiye na mkono. Bwana Miwani alikaa nalo muda mrefu, akauliza nusu ya pili iko wapi. Nikamwambia iko kwa mwenyewe. Akaandika, hakuuliza tena.

Mvua imekatika tangu jana jioni. Mama ameketi karibu na mlango, amevaa viatu tangu asubuhi. Sasa ni saa kumi na moja jioni. Hajaitwa.